Kambi ya macho ya wazee Muheza: operesheni safi, ila meza ya mwisho ndo iliyonikosha

Kwa wanaouliza kama hizi kambi za macho za bure zinazopita vijijini zinafaa kumpeleka mzazi, jibu langu ni ndio mpeleke, tena usisubiri mpaka ajikwae avunjike nyonga. Nimetoka kuwapeleka wazee wangu kwenye ile iliyofanyika kituo cha afya cha kata yetu huku Muheza na naandika nikiwa bado nakumbuka kila kitu, maana naona watu wakizisifia hizi huduma wanahesabu tu wangapi wametolewa mtoto wa jicho, inapigwa picha ya wazee wamepangwa kwenye benchi na plasta jichoni, basi imeisha. Mimi nazipima kwa wale wengine. Wale ambao dokta amewaangalia akasema hapa hamna cha kupasua. Hao wanarudi nyumbani na nini? Hapo ndo utajua timu imekuja kuhudumia wazee au imekuja kutimiza idadi.

Nilienda na mama mkubwa, ambaye macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe ukikaa naye karibu unauona kabisa, baba yangu mzazi ambaye kila mtu nyumbani alikuwa anasema ni uzee tu, na bibi jirani yetu aliyeomba twende naye baada ya kusikia tunaondoka.

Kitu cha kwanza cha kuwasifia, hawakutegemea gari la matangazo peke yake. Gari lilipita ndio, na msikitini ilitangazwa baada ya swala ya Ijumaa, kanisani vilevile, lakini kabla ya hapo wahudumu wa afya wa jamii walikuwa wameshazunguka nyumba kwa nyumba. Na hawa ni watu wa hapahapa kijijini, anajua kwa fulani kuna mzee hatoki ndani siku hizi. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani kwa sababu mzee mwenyewe hatakwambia haoni, atasema macho yamechoka, atasema ndo uzee wenyewe mwanangu, afu taratibu anaacha kwenda shamba, anaacha kwenda kilioni, anaacha kwenda kwenye vikao, na nyinyi mnaona mzee amekuwa mpole. Kina mama wazee ndo wanaoachwa zaidi, hana nauli yake mkononi, anasubiri mtoto aje kutoka Dar, mtoto anakuja sikukuu na kuondoka. Mama mkubwa amekaa hivyohivyo miaka. Yule dada mhudumu alivyokuja alikaa naye barazani, akamwamkia, akaongea habari za mihogo kwanza, ndo akatoa simu.

Ile simu ina programu ya kupima macho, inaonyesha herufi E moja inageuzwageuzwa, mzee anaonyesha kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi, juu, chini, kushoto, kulia. Hamna haja ya kujua kusoma, na hiyo kwa wazee wetu wa kike ni jambo kubwa, maana chati ya ABC ukutani inamwaibisha mtu kabla hata hajapimwa. Kipimo cha namna hii cha kwenye simu kilifanyiwa majaribio hapohapo kwa majirani zetu Nakuru, Kenya, na daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake, ndo ikazaliwa ile programu ya simu inayoitwa Peek. Sijui kama hawa walitumia hiyohiyo au nyingine ya aina hiyo, lakini kazi yake ilikuwa nzuri, aliyefeli anaandikwa jina na anapewa kikadi cha kuja nacho siku ya kambi.

Siku yenyewe sasa. Foleni. Hapa nitasema ukweli, palikuwa pabaya. Namba zilianza kutolewa alfajiri na waliokuwa na vikadi na waliokuja tu kwa kusikia gari wakachanganywa pamoja, wazee wamekaa juani maana turubai lilikuwa moja na lilijaa mapema, choo kiko mbali na njia ya kwendea ina mawe, yaani umemwita mtu asiyeona vizuri halafu unamwambia choo kile kule nyuma ya jengo. Hakukuwa na hata mtu mmoja wa kuwashika mkono, tulikuwa tunasaidiana sisi wasindikizaji. Na kuna wazee walitoka mbali kule juu upande wa Amani, wameshuka na bodaboda alfajiri, jioni wakaambiwa namba zimeisha. Kwa mzee aliyekopa nauli hilo ni zito sana. Wangegawa siku kwa vijiji, leo vijiji hivi kesho vile, na wahudumu wa jamii wanayo majina yote, lingeisha.

Ukishaingia ndani mambo yanabadilika kabisa. Watu wapole, wanaamkia, wanamwita kila mtu mama au mzee wangu, wanaelezea kabla ya kugusa. Walipima kwa chati ya E mita 6, jicho mojamoja, afu wanampa kile kikinga jicho cheusi chenye vitundu vidogo achungulie. Nikamuuliza yule kijana cha nini, akaniambia akiona vizuri zaidi kupitia tundu basi tatizo ni la miwani, asipoona nafuu basi kuna kitu ndani ya jicho lenyewe. Rahisi hivyo, na inaokoa muda wa dokta. Baadaye tochi, baadaye presha ya jicho, baadaye presha ya mwili na sukari.

Bibi jirani nimmalize haraka kwa sababu na wao walimmaliza haraka. Yake ilikuwa miwani ya kusomea tu, hii hali ya karibu kutoonekana inampata karibu kila mtu kuanzia miaka 40 na kitu hivi. Wakampa ya namba mbili na nusu, akaletewa sinia la mchele achambue pale mezani kupima kama imemkaa, akatoa mawe yote. Nimependa hilo la mchele, sio kumsomesha gazeti mtu ambaye hasomi gazeti. Walimwambia pia ile miwani ya machinga ya kusomea sio sumu, kama macho yote mawili yako sawa inafanya kazi, hatari yake ni kwamba machinga hawezi kukuambia kama una ugonjwa mwingine, unavaa miwani huku jicho linakufa taratibu.

Mama mkubwa, mtoto wa jicho pande zote mbili. Hapa kazi ilikuwa kumshawishi. Kuna maneno yanazunguka kijijini kwamba hospitali wanalitoa jicho nje, wanaliosha, wanalirudisha, na kwamba likirudishwa vibaya ndo basi. Yule daktari msaidizi wa macho alimweleza taratibu sana, nadhani alishawaelezea mamia. Kwamba jicho halitoki popote. Ndani ya jicho kuna lensi ya kuzaliwa nayo, imekuwa nyeupe, wanapasua kitundu kidogo, wanaitoa hiyo iliyochafuka wanaweka ya plastiki mahali palepale, kile kitundu kimekatwa kwa namna ambayo kinajifunga chenyewe bila nyuzi, na sindano ya ganzi unapigwa pembeni kwa hiyo husikii maumivu. Akauliza plastiki haiozi? Akajibiwa haiozi.

Nilivyorudi nikasoma mwenyewe habari ya hiyo lensi na inasisimua kweli. Ilianzia kwa daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliyewatibu marubani wa vita kuu ya pili walioingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, akaona jicho halikuikataa ile plastiki, basi mwaka 1949 pale London akaweka lensi ya kwanza ndani ya jicho la mtu. Wenzake walimpinga miaka mingi. Kwa muda mrefu kwetu huku mtu akitolewa mtoto wa jicho alikuwa anapewa yale mamiwani mazito ya kioo kinene, wazee wengine mtayakumbuka, likipotea au likivunjika mtu amerudi gizani. Kilichobadilisha ni bei, kiwanda cha Aurolab cha Madurai kule India kilianza 1992 kutengeneza lensi hizi kwa bei ya chini sana, na ndo maana leo timu inaweza kuja Muheza ikamwekea mama mkubwa bila kumuuliza ana shilingi ngapi.

Operesheni haikufanyika pale kituoni, waliwabeba na koasta mpaka hospitali, kila mzee na msindikizaji mmoja, wakalala, chakula kipo ingawa chai ilikuwa inachelewa. Kuna wazee walirudishwa kwa sababu presha ilikuwa juu, na wengi wao ilipanda kwa sababu hawakunywa dawa zao asubuhi wakidhani operesheni inataka usinywe chochote. Hakuna aliyewaambia. Kwa hiyo nawaambia mimi, kama mzee anatumia dawa za presha au sukari uliza mapema kabisa azinywe vipi siku hiyo, usikisie.

Kesho yake asubuhi wakatoa bandeji. Mama mkubwa akatulia anaangalia mapaja yake muda mrefu, nikaogopa. Akasema, “Kumbe hii kanga ni ya buluu?” Anayo hiyo kanga tangu msiba wa mjomba na miaka yote hiyo anajua ni ya kijani. Nesi akacheka akatuambia hiyo ni kawaida kabisa, ule ukungu unakuwaga na manjano ndani yake kwa hiyo unakula rangi ya buluu, ukitoka rangi zinarudi. Tukapewa dawa ya matone, kikinga jicho cha kuvaa usiku, asilisugue, asiinue ndoo, asiingize maji machoni akioga, na arudi wiki chache mbele waangalie na wapange la pili. Jicho la pili wanasubiri la kwanza lipone, hawafanyi yote kwa mkupuo, na nakubaliana nao.

Sasa baba.

Baba anasoma saa ya ukutani. Anasoma namba ya simu. Kwa hiyo nyumbani hakuna aliyemwamini akisema haoni, ukimuuliza hii nini anakujibu sawa. Lakini anagonga bega kwenye fremu ya mlango, anapiga teke kigoda, anamwaga chai iliyo pembeni yake, na usiku ndo kabisa, ameacha kwenda alfajiri msikitini wakati hajawahi kuacha toka nimjue. Watu wakawa wanasema mzee amekuwa mkali, mzee hana subira. Kumbe ni presha ya macho, glakoma. Ugonjwa huu unaanza kula pembeni, katikati inabaki, yaani mtu anaona mbele yake tu kipande chembamba na chini na pembeni hakuna kitu, na hauumi. Jicho lake la kulia limeshaenda karibu lote. La kushoto kimebaki hicho cha katikati.

Dokta alimwambia ukweli na alimwambia yeye, hakuniambia mimi juu ya kichwa chake. Kwamba kilichopotea hakirudi. Kwamba dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, kila siku, maisha yote, kama mtu wa presha ya mwili anavyomeza vidonge. Kabla ya kuandika timolo, ndo hiyo dawa yenyewe ya matone, akamuuliza kama ana pumu, maana hiyo dawa kwa mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya, japo ni tone tu la jichoni. Ni swali la sekunde tatu na kwingine niliwahi kuona mtu akipewa bila kuulizwa. Akamwonyesha na namna ya kuweka, tone moja linatosha, ukishaweka funga jicho ubonyeze kwa kidole pale kwenye kona karibu na pua dakika moja mbili ili dawa isishuke kooni ikaisha bure. Na akanigeukia mimi, na wewe kaa hapa, watoto na ndugu wa mwenye glakoma wanapimwa. Nikapimwa. Iko sawa ila nimeambiwa nirudi kila mwaka.

Kwenye kambi nyingi hapo ndo mwisho. Dawa, kwaheri mzee. Hapa kulikuwa na meza nyingine ya mwisho kabisa, chini ya mwembe, haikuandikwa hata jina, na alikuwepo nesi mmoja wa makamo anayeshughulika na uoni hafifu. Kwa asiyejua, huyu ni mtu ambaye ametibiwa, amepewa na miwani inayomfaa, na bado jicho lake bora haliwezi kufika 6/18, yaani anahitaji kusogea mita 6 kuona kile ambacho mwenye macho mazima anakiona kutoka mita 18, au kama baba, herufi anaziona lakini upeo wake umebaki mwembamba chini ya digrii 10. Sio kipofu. Na sio mzima. Yuko katikati hapo na huko katikati ndo hakuna anayemhesabu.

Mbele yetu alikuwepo mzee mmoja kinyume cha baba, yeye pembeni anaona ila katikati kuna doa, akikuangalia usoni uso wako haupo. Huyo nesi akampa kioo cha kukuzia chenye miguu, unakiweka juu ya karatasi hakitikisiki hata mkono ukitetemeka, na akampa karatasi nyeusi iliyokatwa dirisha jembamba, unalaza kwenye ukurasa unabaki mstari mmoja tu unaonekana, weupe wa pembeni haukuchanganyi. Akamkalisha mwanga ukitokea nyuma ya bega. Yule mzee akasoma mistari ya Msahafu wake wa maandishi makubwa, polepole, kwa sauti, na watu wa foleni wakanyamaza.

Nikajua na baba atapewa kioo. Hakumpa. Akanieleza kwamba mtu mwenye upeo mwembamba ukimkuzia vitu unampunguzia hata kile kidogo anachokiona, herufi zinakuwa kubwa zinajaa kadirisha kake chote. Huyu anachohitaji ni kufundishwa kutafuta kwa macho. Akamfundisha kusimama mlangoni kabla ya kuingia, apeleke kichwa kushoto mpaka kulia, afu chini, afu ndo atembee. Akamrudisha mara kadhaa kati ya mwembe na benchi mpaka akawa hagongi kitu. Kwa hili peke yake naipa hii huduma alama za juu, kwa sababu ingekuwa rahisi sana kugawa vioo kwa wote na kupiga picha.

Fimbo nyeupe baba aliikataa. Akasema yeye bakora anayo. Yule nesi hakubishana naye kabisa, akasema lete hiyo bakora mzee wangu, akamfundisha kuipeleka mbele yake chini kushoto kulia badala ya kuiegemea, akamwambia tu faida ya nyeupe ni kwamba bodaboda wanaiona na wanajua. Wiki ile ile nimemkuta nyumbani anaizungushia bakora yake solotepu nyeupe ya fundi umeme. Hakuniambia kitu na mimi sikuuliza.

Na sisi wa nyumbani tulipewa somo letu. Viti na ndoo vikae palepale kila siku, mlango uwe wazi wote au umefungwa wote, usiachwe nusu. Ugali mweupe usiwekwe kwenye sahani nyeupe. Chai kwenye kikombe cheupe ndani ili aone imefika wapi. Ukingo wa ngazi ya barazani upakwe rangi ya kung'aa. Chupa ya dawa ya macho ifungwe mpira ili asiichanganye na nyingine. Noti azikunje kila moja kwa namna yake, elfu kumi hivi, elfu tano vile, na namba ya siri ya simu asimpe kila mjukuu, simu ya batani ya namba kubwa anaweza mwenyewe. Na lililonigusa zaidi, mkimsalimia mtajeni majina yenu. Shikamoo baba, ni mimi fulani. Acheni ule mchezo wa kumsimamia mzee mbele na kumwambia haya nitaje mimi nani, mnadhani mnamfurahisha, mnamtia aibu mbele za watu na ndo maana anaacha kukaa barazani. Kila mtu pale kwenye foleni aliinamisha kichwa maana huo mchezo sisi wote tunaucheza.

Baba amerudi kwenye bao. Wanaliweka kwenye mwanga wa mchana sio gizani chini ya banda, na kete anazihesabu kwa vidole.

Yanayonikera sasa, na nayasema kwa sababu nataka hii huduma irudi ikiwa bora. Kubwa ni hiyo meza yenyewe, ilikuwa na mtu mmoja tu na vioo vichache, mchana vimeisha, waliofuata wakaandikwa majina. Na haikuwa kwenye njia, yaani kama baba hangetumwa na dokta aliyekuwa makini tungepita zetu. Nimewaona wazee wametoka kwa dokta mwingine wanaenda moja kwa moja getini, wameambiwa tu jicho limekufa mzee. Kila anayeambiwa neno hilo alitakiwa apelekwe pale chini ya mwembe, hata kama ni kwa ajili ya kujua ndugu zake wamshike vipi. Kuna wazee wa kule milimani macho yao yaliharibiwa zamani na usubi, ule ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wa mtoni, wanakumbuka kupimwa urefu kwa kijiti wapewe vidonge, ile dawa ambayo kampuni ya Merck inaitoa bure tangu 1987, imezuia mengi ila haifufui jicho lililokwisha. Hao operesheni haiwasaidii, ndo wateja wa ile meza, na sikuwaona pale.

La pili ni dawa. Chupa ya kwanza bure, vizuri. Ikishafunguliwa ni ya mwezi hivi unatakiwa uitupe, kambi imeshaondoka, nikaenda kuitafuta kituoni hakuna, nikazunguka maduka ya dawa mpaka mjini ndo nikaipata kwa hela yangu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure, na dirisha la wazee limeandikwa vizuri kabisa ukutani, lakini dirisha bila timolo halimsaidii mwenye glakoma, akikosa miezi miwili mitatu kile kipande cha katikati nacho kinaondoka na hakuna kambi itakayokirudisha. Timu ikija igundue wagonjwa wapya wa glakoma afu dawa haipo wilayani, kazi imefanyika nusu.

La tatu, marudio. Mama mkubwa ameambiwa arudi, nauli safari hii ni yetu. Sisi tumeweza. Wengine hawataenda, na jicho la pili litabaki na ukungu wake. Wangetuma mtu mmoja tu siku moja pale kituoni kuwaangalia wote.

Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yao ya 2019 walisema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana shida ya kuona, na angalau bilioni 1 kati yao ni shida ambayo ingezuilika au haijapata tu huduma. Ukikaa kwenye lile benchi la Muheza unawaona hao watu, wanaume kwa wanawake, wameshika vikaratasi vya namba.

Kwa mnaotaka kuwapeleka wazee wenu kambi ikitangazwa kwenu: nenda na kitambulisho chake cha NIDA, au barua ya mtendaji kama hana, beba dawa zake zote hata zile za miti shamba umwonyeshe dokta, na kama kuna mtu anamwekea maji ya majani jichoni acheni leo hii, nimeona pale mama mmoja kioo cha jicho kimeoza kwa hilo. Beba maji, kofia, kitu cha kula na kigoda. Usimwache mzee aingie kwa dokta peke yake, lakini usijibu kwa niaba yake. Akitoka na jibu la kwamba hakuna operesheni, usitoke getini, uliza hapohapo nani anashughulika na uoni hafifu, na kama hayupo uliza mratibu wa huduma za macho wa wilaya anapatikana wapi, kila wilaya inatakiwa kuwa naye, na huyo ndo wa kumsumbua kuhusu dawa pia. Mimi wetu nimeshamwona, ameniahidi ile meza itakuwepo kambi ijayo na itawekwa karibu na mlango wa dokta.

Upimaji na operesheni nawapa tano kati ya tano. Ile meza ya chini ya mwembe tano pia, na nyongeza kama ingekuwepo. Foleni na mazingira mbili. Dawa na ufuatiliaji mbili, hapo nitapandisha siku nikiingia kituoni kwetu nikaikuta timolo kwenye dirisha la wazee.